Inchi ya Bibi Wolthuis

Mimi ndiye niliyeliandika lile bango,
wino mwekundu, herufi nene kuliko kidole gumba:
KIHISI CHA INCHI MOJA.
Bwana Terlinden akasema, "Ongeza neno 'kamili'."
Nikaongeza. Nilidaiwa kodi ya chumba,
na Novemba ya Eindhoven hainyeshi mvua,
inaidondosha tu, kutwa nzima, juu ya kioo cha duka.

Akaingia Bibi Hendrikje Wolthuis, miaka themanini na moja,
koti linachuruzika, baiskeli kaifunga kwenye nguzo,
pamoja na Fenna, mjukuu, anayetaka kumpiga picha bundi
usiku, kwenye nyika ya Strabrecht,
mahali ambapo mwanga hupimwa kwa kijiko cha chai.

Bibi akasoma bango. Akasoma tena.
Akatoa mkobani rula ya chuma,
ya fundi, kingo zimelika.
"Toa lenzi," akasema. "Nataka kukiona."

Nikatoa. Kile kipande kikang'aa
zambarau na kijani, kama mafuta juu ya dimbwi.
Kidogo. Kidogo kuliko stempu ya barua.
Rula haikukigusa; iliinama karibu tu, kama daktari.
"Kumi na tatu nukta mbili, kwa nane nukta nane.
Milimita. Kona kwa kona hazifiki hata kumi na sita.
Na inchi, kijana, ni ishirini na tano na ushee.
Hizo nyingine tisa zimeliwa na panya?"

Nikajibu nilivyofundishwa:
"Ni aina, Bibi. Aina ya inchi moja. Jina tu."
Na nilipolitamka hilo neno, aina,
nililisikia linateleza mdomoni kama kipande cha sabuni.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza.
"Inchi hiyo," akasema, "niliifunga kwa mikono hii."
Miaka kumi na tisa kiwandani, mstari wa tatu,
mirija ya kioo ya kamera za televisheni:
inchi moja, ndiyo, lakini kwa nje, ganda na vyote,
picha yenyewe imejikunyata katikati.
"Tuliupima kwa nje ili uingie kwenye tundu lake. Basi.
Ninyi mmekipima chungu kwa nje,
mkatuuzia uji."

Kiwanda sasa ni vyumba vya kupanga na mgahawa wa kahawa.
Wa mstari wa tatu wamebaki wawili.
Na kilichosalia duniani cha kazi yao
ni unene wa kioo ambacho hakipo,
umechapwa kwenye sanduku
na mtu ambaye hakuwahi kushika mrija.
Mwenyewe kafa, kipimo cha kiatu chake bado kinatembea.

Fenna akatoa simu: "Na hii?
Wameandika moja juu ya mbili nukta tatu."
Bibi akacheka mpaka akaishika kaunta.
"Sehemu yenye nukta tumboni!
Mwalimu wangu wa hesabu angewatoa nje."

Waliinunua. Kizuri chajiuza, husemwa,
na kamera ile ilikuwa nzuri; usiku ingeona
kuliko simu ya Fenna, hilo nililisema na lilikuwa kweli.
Ingejiuza. Sisi tukaona lazima tuitembeze.

Bibi akadai niandike nyuma ya risiti,
kwa kalamu ya risasi: 13.2 kwa 8.8.
"Na utie sahihi."
Nikatia, jina langu lote, hata lile la kati
ambalo mama pekee hulitumia.

Walipotoka nikalibandua bango,
nikalikunja mara nne, nikalitupa chini ya kaunta.
Jumatatu nilipofungua duka
nililikuta mahali pake, limenyooshwa kwa pasi,
na neno "kamili" limepigiwa mstari.